Kumlinda mtoa taarifa si kuficha jina lake tu

Kwenye vikao vya watumishi hapa Dodoma, rushwa ikiguswa hakosi mtu wa kusimama na kusema: "Msiogope, watoa taarifa wanalindwa, majina hayatajwi." Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno, na yanawaponza watu.

Mtoa taarifa ni yule anayeifikishia mamlaka husika, kwa nia njema, habari za uhalifu au hatari inayogusa maslahi ya umma: rushwa, wizi wa fedha, kazi inayohatarisha maisha. Nia njema haidai awe na ushahidi wa kumfunga mtu. Inatosha awe na sababu za msingi za kuamini asemalo. Sheria yake ni ya mwaka 2015, ile ya kuwalinda watoa taarifa za uhalifu na mashahidi.

Sasa, kutunza siri ni sehemu tu ya ulinzi, tena sehemu dhaifu. Siri huvuja bila mtu kuivujisha. Fikiria ofisi ndogo wilayani Bahi au Kongwa yenye watumishi sita. Ikipelekwa taarifa kwamba mafuta yameandikiwa safari ambayo gari halikwenda, daftari la safari liko kwa nani? Kwa dereva na karani. Hata kama aliyepokea simu ya 113 pale TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ametunza siri kwa uaminifu wote, ofisini jina linajulikana kabla ya saa nne ya chai.

Ulinzi hasa unapimwa hapo, jina likishajulikana. Na mara nyingi mtu hafukuzwi. Anaondolewa kwenye orodha ya safari, anapangiwa dawati lisilo na kazi, anapewa uhamisho wa ghafla watoto wakiwa katikati ya muhula, au mkataba wake unaachwa uishe. Kila kimoja kina barua yenye sababu inayosomeka vizuri. Hicho ni kisasi, na ndicho sheria inachokataza. Akiachishwa kazi kabisa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikubali kuwa sababu halali ni kwamba alitoa taarifa ambayo sheria inamruhusu kuitoa. Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi, mgogoro wa kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na inauma kuona mtu anazimaliza akisubiri bosi atulie hasira.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoongoza vikao, endeleeni kuahidi siri, lakini msiishie hapo. Waambieni watu jina likijulikana itakuwaje: nani ataipitia barua ya uhamisho wa mtu huyo kabla haijasainiwa, na aende kwa nani iwapo anayetuhumiwa ndiye msimamizi wake.