Muuguzi wa Jeshi Huanzia Wodini

Jumapili iliyopita, watu wakitoka kanisani, binti wa jirani yangu hapa Lang'ata alibisha mlango akiwa na matokeo yake ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ndani ya bahasha ya kaki. "Shikamoo, Anti." Nikaitikia, nikamkaribisha chai. Alikuwa na wastani wa C+ na swali moja: "Nikitaka kuwa muuguzi wa jeshi, naenda usajili kwanza au naenda chuo?"

Nenda chuo. Hilo ndilo jibu langu kwa kila anayeniuliza tangu nilipovua sare baada ya miaka 19. Jeshi litakufundisha kwata, kulenga shabaha, kusoma ramani na kulala na buti miguuni. Usitarajie likufundishe kupima presha ya mama mjamzito wala kusikiliza kifua cha mtoto. Hayo unakwenda nayo. Ukiingia na mikono mitupu, sare haitakuongezea kitu mbele ya mgonjwa.

Njia yenyewe ni hii. Stashahada ya uuguzi huchukua takriban miaka mitatu na inataka wastani wa C, pamoja na biolojia na lugha. Shahada ni miaka minne na inataka C+, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Kuna pia mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya. Bila kusajiliwa na Baraza wewe si muuguzi, hata uwe na vyeti vya kujaza sanduku. Mimi nilisomea KMTC ya hapa Nairobi, chuo cha mafunzo ya kitabibu kilichoanzishwa 1927 na kilicho ubavuni mwa Hospitali ya Kenyatta. Kutoka lango lile hadi hospitali ya jeshi iliyo kando ya barabara ya Mbagathi, ile tunayoiita Forces Memorial, ni mwendo wa miguu tu. Mimi ulinichukua miaka sita.

Ukishapata leseni, ndipo unangoja tangazo. Hutoka magazetini na kwenye tovuti ya Wizara ya Ulinzi. Lisome lote, hasa sehemu ya umri, maana wenye taaluma hukubaliwa wakiwa na umri mkubwa kuliko kuruta wa kawaida; miaka ya chuo haitakufungia mlango. Kwa miaka mingi matangazo yametaka kimo kisichopungua mita 1.60, na uzito wa kilo 50 kwa wanawake na kilo 54.55 kwa wanaume. Wanaoingia kama maofisa hupelekwa Lanet, Nakuru. Wanaoingia kama askari hupelekwa Eldoret.

Na usajili ni bure. Narudia, ni bure. Karibu kila awamu kuna vijana wanaokamatwa langoni Eldoret wakiwa na barua bandia, na wengi wao hawakujua kuwa ni bandia. Namjua mama mmoja aliyeuza ng'ombe wawili kumlipa mtu aliyejidai kuwa na mjomba makao makuu. Mwanawe alikuwa na leseni ya uuguzi na afya njema. Pengine angeingia kwa miguu yake mwenyewe. Badala yake alilala seli.

Sasa nieleze kwa nini nasisitiza wodi kabla ya sare.

Kabla ya kuingia jeshini nilifanya kazi katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Usiku mmoja wakamleta kijana wa mkokoteni aliyegongwa na matatu. Mguu wa kulia ulikuwa umepondeka chini ya goti. Wenzake walikuwa wameufunga kwa blada juu ya goti, ile mipira ya kufungia mizigo, na walikuwa wameikaza kisawasawa. Damu ilikuwa imesimama. Mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba mguu ukibanwa sana hufa, kwa hiyo ulegezwe kila baada ya muda ili upate damu. Nikailegeza. Damu ikaja. Nikakaza. Baada ya muda nikailegeza tena. Daktari wa upasuaji alikuwa bado na mgonjwa mwingine. Kijana akaniambia, "Sista, nasikia baridi." Nikamfunika shuka moja, ile nyembamba ya hospitali. Hakufika alfajiri.

Miaka michache baadaye, nikiwa tayari na sare, nilikaa darasani nikasikia mwalimu akieleza mambo mawili. La kwanza, mkanda wa kubana damu haulegezwi ili mguu "upumue". Unakazwa hadi damu isimame na mapigo chini ya jeraha yapotee, unaandika saa, unaacha. Kiungo kwa kawaida huvumilia hadi saa mbili. Kila ukilegeza unamwaga akiba ambayo mgonjwa hana. La pili, baridi humwua mtu anayevuja damu, kwa sababu mwili ukipoa damu haigandi vizuri. Nikatoka nje. Mwalimu alidhani nimeugua.

Haya ndiyo jeshi linayoongeza juu ya uuguzi. Chuoni tulifundishwa kuanza na njia ya hewa. Vitani unaanza na damu inayomwagika kwa wingi, kisha njia ya hewa, kisha kupumua, kisha mzunguko wa damu, kisha baridi na majeraha ya kichwa. Mpangilio huo umetokana na makaburi. Marekani ilichunguza vifo vya askari wake 4,596 vya kati ya 2001 na 2011. Karibu tisa katika kila kumi walifariki kabla ya kufika hospitali. Miongoni mwa hao, kama robo walikuwa na majeraha ambayo pengine yangetibika, na wengi mno kati yao waliondoka kwa kuvuja damu. Umoja wa Mataifa nao, kwa vikosi vyake vya kulinda amani, unahesabu hivi: dakika 10 damu iwe imezuiwa, saa 1 majeruhi awe mikononi mwa wataalamu, saa 2 awe kwenye upasuaji.

Na mara nyingi unafanya haya gizani. Huruhusiwi kuwasha tochi, kwa hiyo unapapasa. Unapitisha mikono yote miwili shingoni, kwapani, mgongoni, kinenani, nyuma ya mapaja, kipande kwa kipande, na kila baada ya kipande unasugua vidole. Jasho ni jepesi na hupotea. Damu ni ya uvuguvugu, huteleza kwanza, kisha hunata. Ukikosea, shimo dogo la mgongoni litakupita. Vidole vya kutofautisha hivyo sikuvipata kwenye mazoezi ya jeshi. Nilivipata wodi ya wazazi, nikiwafuatilia kina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua, stima zikiwa zimepotea.

Lakini usidhani maisha yote ni risasi. Sehemu kubwa ya kazi ni kliniki: wake na waume wa wanajeshi, watoto wa chanjo, wastaafu wenye kisukari. Kisha kuna kazi isiyopigwa picha, nayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote: maji, choo na chandarua. Kambi mpya ikipigwa, muuguzi mzuri huuliza kwanza choo kiko upande gani wa kisima. Askari aliyekulia Nyandarua kwenye baridi hana kinga ya malaria, na akipelekwa kwenye joto na mbu ataanguka kabla hajamwona adui.

Nairobi yenyewe inapaswa kulikumbuka hili. Kariokor, pale tunapokwenda kula nyama choma na kununua vyondo, jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika katika vita vya 1914 hadi 1918. Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi, na wengi wao waliuawa na malaria, kuhara na njaa. Kwenye ile sanamu ya Kenyatta Avenue, maandishi yanawataja kuwa miguu na mikono ya jeshi. Wangekuwa na maji yaliyochemshwa na watu wa kuwahesabia dawa, wengi wangeona tena nyumbani. Nikipita pale najiuliza ni nani aliyekuwa akiangalia vyoo vyao.

Binti aliniuliza pia kama muuguzi hubeba bunduki. Ndiyo, na utafundishwa kuitumia. Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949 unaruhusu wahudumu wa afya kuwa na silaha ili kujilinda na kuwalinda wagonjwa walio chini yao. Lakini mkataba huo huo, kifungu cha 12, unasema kitu ambacho ningependa kila kuruta akijue kwa moyo: kinachoamua nani atibiwe kwanza ni dharura ya kitabibu peke yake. Maana yake, adui aliyejeruhiwa vibaya hutangulia mbele ya ofisa wako mwenye jeraha dogo. Ofisa huyo anaweza kukukaripia. Unasema, "Ndiyo, Afande," na mikono yako inabaki kwa anayekufa. Kama huwezi kufanya hivyo, hii si kazi yako, na si aibu kukiri mapema.

Wazazi wa wasichana huniuliza kama jeshi ni mahali pa mwanamke. Waliotutangulia walihudumu katika kikosi cha wanawake peke yao, kilichovunjwa miaka ya 1990 ikiisha, ndipo wakaingizwa katika vikosi vyote. Fatuma Ahmed alijiunga 1983 katika enzi hiyo, akawa meja jenerali 2018, na 2024 akakabidhiwa Jeshi la Anga. Sina zaidi ya kuongeza.

Kitu ambacho matangazo hayakiandiki ni kurudi nyumbani. Tangu Oktoba 2011, vikosi vyetu vilipoingia Somalia, tumewauguza vijana ambao majeraha yao yalipona na usingizi haukurudi. Wauguzi nao ni hivyo hivyo. Mimi kwa mwaka mzima sikuweza kusikia harufu ya nyama ikichomwa bila kutoka mezani. Nilinyamaza, kwa sababu niliona muuguzi ndiye wa kusikiliza wengine. Ilikuwa kosa. Nilipomwendea mshauri nasaha hatimaye, nililia, kisha nikalala usiku kucha. Ukiingia jeshini, mtafute mtu huyo mapema, kabla hujamhitaji.

Chai ilipoisha nilimwambia binti anyooshe mkono. Nikachukua kipande cha leso kuukuu na mwiko, nikamfunga juu ya kiwiko, nikazungusha mwiko huku kidole changu kikiwa kwenye mapigo ya kifundo cha mkono wake. Akakunja uso. "Anti, inauma sana." Nikamwambia mkanda uliokazwa vizuri huuma. Mapigo yalipopotea nikamwonyesha mahali pa kugusa, akagusa mwenyewe, kisha nikafungua.

"Sasa ni zamu yako," nikamwambia, nikampa mkono wangu.

Alikaza kwa woga, akakaza tena, hadi mapigo yakapotea. Nikampa kalamu na kipande cha plasta, nikamwambia aandike saa. Akatazama ukutani, akaandika 4:20.

"Ya alfajiri au ya alasiri?" nikamuuliza. "Atakayempokea mgonjwa huyu usiku wa manane atajuaje?"

Akafikiri. Akakata ile ya kwanza, akaandika 1620, akanibandika plasta mkononi.

Nikamwambia afungue.