Kilomita 408 kwa saa hazikuvuma saa nzima

Jana tena! Mzee mmoja mwenye mitumbwi hapa Entebbe kaja kituoni kwetu cha hali ya hewa asubuhi na simu mkononi, anataka nimweleze kwa nini app ilimwandikia upepo wa kilomita 20 kwa saa halafu alfajiri ukampindulia mtumbwi, vijana wakaponea kwenye majaketi. Anaamini 20 ndio mwisho, upepo hauwezi kupita hapo. Nimelieleza hili mwaloni, kanisani, mpaka kwenye teksi, sasa naliandika.

Mzee wangu, hiyo 20 ni wastani. Upepo hauendi kama lori lenye mzigo, unapiga, unalegea, unapiga tena, sisi tunachukua dakika kumi nzima tunatoa namba moja na dharuba zote, yaani yale mapigo ya ghafla, zinamezwa humo. Na "kwa saa" ni kipimo cha mwendo tu jamani. Angalia rekodi yenyewe ya dunia: kisiwa cha Barrow, Australia, tarehe 10 Aprili 1996, kimbunga Olivia, kilomita 408 kwa saa. Watu wanaitaja kama vile kisiwa kilichapwa na 408 kutwa. Ilikuwa dharuba ya sekunde tatu! Wastani mkubwa wa dakika tano kwenye kimbunga hicho ulikuwa 176, anemomita (kipima upepo) ileile, mlingoti uleule wa mita 10. WMO, shirika la hali ya hewa duniani, waliikubali 2010, wakaiondoa ile 372 ya Mount Washington, Marekani, ya mwaka 1934. Zile za tornado za Oklahoma zinazopita 480 ni za rada, si za anemomita, tusichanganye.

Ukitaka wastani mkubwa, nenda Cape Denison, Antaktika, hewa baridi nzito inaporomoka kutoka kwenye barafu na wastani wa mwaka unafika kama 80. Lakini rekodi ya dharuba haiko huko. Ni vitu viwili!

Olivia hapa kwetu haiji, ikweta inatupita katikati na vimbunga vya namna hiyo haviundiki kwenye ikweta, ila Ziwa Victoria lina radi zake za usiku na alfajiri. Wingu likishakomaa linaangusha hewa baridi, ikigonga maji inatandaa kwa kasi, dakika chache imekwisha. Na nguvu inapanda kwa mraba: kutoka 20 hadi 50, mtumbwi unasukumwa mara sita na zaidi.

Kuna jambo vitabu vinalipita haraka. Vikombe vya anemomita vina uzito, dharuba ya ghafla inavikuta bado havijashika kasi, ikiisha vinaendelea kuzunguka. Tena mlingoti wangu uko nchi kavu, mtumbwi wake ulipigwa majini, kwa hiyo namba yangu ya alfajiri siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyoupindua.

Mzee akauliza, basi mbona app haiandiki zote mbili? Inaandika, iko mstari wa chini. Tukaufungua pamoja, utabiri wa alfajiri ile ulikuwa bado upo: wastani 20, dharuba 50.