Cheti cha CCNA: Yanayosemwa na Hesabu Yenyewe

Dhana: “Ni dola 300 tu, basi.”

CCNA ni cheti cha ufundi wa mitandao ya kompyuta kinachotolewa na kampuni ya Cisco. Dola 300 ni ada ya kufanya mtihani wake (namba 200-301) mara moja, kabla ya kodi. Dola ikiwa shilingi 2,500 za Tanzania, hiyo ni 750,000. Ikiwa shilingi 130 za Kenya, ni 39,000. Ukifeli, unasubiri siku 5 kisha unalipa ada nzima upya. Kwa hiyo mwenye pesa ya mtihani mmoja tu hajajipanga. Ongeza bando, kitabu, na nauli ya kufika kituo cha Pearson VUE, kampuni inayosimamia mtihani huo, kwa aliye mkoani.

Mtihani unaweza kufanyiwa nyumbani pia, lakini umeme ukikatika au intaneti ikikwama katikati ya zile dakika 120, unaanza kuhangaika na huduma kwa wateja badala ya maswali. Kituoni ni salama zaidi. Na majina uliyojisajilia yafanane na ya kitambulisho, maana yakitofautiana unaweza kurudishwa mlangoni na ada ikaenda.

Dhana: “Nilimaliza kozi ya Cisco chuoni, kwa hiyo CCNA ninayo.”

Huna. Kozi tatu za Networking Academy, mpango wa mafunzo wa Cisco vyuoni, zinakuandaa, na ukizimaliza unapewa uthibitisho wa kuhitimu kozi. CCNA ni mtihani mwingine, wenye ada yake. Anayeandika CCNA kwenye wasifu wake kwa sababu ya kozi hukwama mwajiri anapoomba namba ya kuhakiki. Jambo la kufuatilia ni punguzo: wanafunzi wanaofanya vizuri kwenye mtihani wa mwisho wa kozi huweza kupata vocha ya bei nafuu, na wengi huiacha hadi ikaisha muda.

Dhana: “Kariri maswali yaliyovuja, utapita.”

Wapo wanaopita hivyo. Cisco ikigundua inaweza kufuta matokeo na kumfungia mtahiniwa, lakini hata asiponaswa, hasara inamsubiri kwenye usaili. Msaili anaandika ubaoni 192.168.10.77/26 na kuuliza: mashine hii iko mtandao gani? Aliyesoma anajua /26, inayoonyesha ukubwa wa mtandao, inagawa anwani kwa mafungu ya anwani 64, yanayoanzia 0, 64, 128 na 192. Kwa hiyo 77 iko kwenye fungu linaloanzia 64, anwani ya matangazo (ya kufikia mashine zote kwa pamoja) ni 127, na mashine zinatumia 65 hadi 126, jumla 62. Ni hesabu ya nusu dakika. Aliyekariri majibu anatazama ubao.

Kazini ni pagumu zaidi. Swichi mbili zimeunganishwa kwa tranki, yaani kiungo kinachoweza kubeba VLAN kadhaa (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi zilezile). Inapitisha VLAN 10, nawe unataka kuongeza VLAN 20. Ukiandika `switchport trunk allowed vlan 20` hujaongeza chochote: umefuta orodha ya zamani, na ofisi nzima ya VLAN 10 imekatika. Amri sahihi ni `switchport trunk allowed vlan add 20`, kisha unahakiki kwa `show interfaces trunk`. Kosa hili limewapata mafundi wengi, na dawa yake ni kulifanya kwenye mazoezi kabla hujalifanya benki.

Dhana: “Lazima ununue ruta na swichi za mazoezi.”

Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao kwenye kompyuta, ni ya bure na inatosha kwa sehemu kubwa ya mtaala, ingawa haina amri zote za kifaa halisi. Pesa ya swichi chakavu ni afadhali ununulie koleo la kubana vichwa vya kebo za mtandao (RJ45), kipima kebo na mita chache za kebo ya Cat6. Kazi za mwanzo nyingi ni kuvuta waya.

Dhana: “Bila digrii hawakuruhusu kufanya.”

Hakuna sharti lolote la elimu.

Dhana: “Kila mwajiri anataka CCNA.”

Benki na kampuni za simu mara nyingi huitaja. Watoa intaneti wadogo wa mitaani, kwa upande mwingine, wengi wanaendesha vifaa vya kampuni ya MikroTik, na huko MTCNA, cheti cha mwanzo cha kampuni hiyo, huweza kukufaa zaidi: maswali 25, dakika 60, alama ya kupita asilimia 60. Kusanya matangazo 20 ya kazi unazoweza kuomba kweli, uhesabu kipi kinatajwa.

Ndipo upige hesabu ya faida. Tuseme ada ni 750,000, kitabu na bando 200,000, na cheti kitakuongezea 150,000 kwa mwezi. Ukipita mara ya kwanza, pesa yako imerudi mwezi wa saba. Ukirudia mara moja, jumla inakuwa 1,700,000, na inarudi mwezi wa kumi na mbili. Na kama kazi uliyonayo haitakuongezea hata senti, hesabu ianze siku utakayopata nyingine, si siku ya kupita.

Dhana: “Ukishakipata ni cha maisha.”

Kinadumu miaka 3. Ndani ya muda huo unakihuisha kwa kufaulu mtihani mwingine unaokubalika, au kwa kukusanya pointi 30 za mafunzo. Cisco hutoa mara kwa mara kozi za bure zenye pointi, kwa hiyo anza mapema. Tarehe ikipita hata kwa siku moja, unarudi kwenye mtihani na ada yake yote.