Tairi lililoganda kwenye rimu ya trekta la zamani: namna ya kulitoa salama

Anayefufua Massey Ferguson 135 ya miaka ya 1960 mara nyingi hukwama kwenye magurudumu ya nyuma kabla hata hajaigusa injini. Tairi limekaa miaka mingi, na ukingo wake wenye waya umeshikana na rimu. Kinachoushika ni kutu. Chuma kikiliwa na kutu hutanuka, na kwa kuwa sehemu ya rimu inayokaliwa na tairi ina mteremko, mpira huzidi kubanwa. Kama tairi lilijazwa maji ya kuongeza uzito, hasa yenye kalisi kloraidi (aina ya chumvi), tegemea rimu kuwa imeoza kuzunguka tundu la vali.

Moto usiukaribie kabisa. Kuchoma tairi kwa gesi, kupasha nati zilizoganda au kuchomelea rimu yenye tairi kumeua mafundi. Joto huufanya mpira utoe gesi zinazowaka, na tairi laweza kulipuka hata likiwa halina upepo.

Inua ekseli, iegemeze kwenye stendi imara, magurudumu mengine yapigwe kabari. Zungusha gurudumu hadi vali iwe juu, kaa pembeni, kisha fungua sindano ya vali. Upepo ukiisha, shusha vali chini maji yatoke. Tairi la 12.4-28 hubeba zaidi ya lita 100, kwa hiyo nati za hubu zisiguswe kabla ya kumwaga maji hayo.

Ng'oa gurudumu, lilaze chini, kwangua kutu kwenye mwanya kati ya tairi na rimu, mwagia maji mazito ya sabuni, liache hadi kesho yake. Dizeli na oili chafu huvimbisha mpira. Zinafaa tu kwa tairi la kutupwa, na baadaye rimu isafishwe kabisa, la sivyo tairi jipya litateleza na kung'oa vali.

Sasa weka jeki ya chupa kati ya tairi na chesisi ya lori lililoegeshwa juu yake. Chini ya jeki pawe na kipande cha mbao ngumu, sentimita 2 au 3 tu kutoka mdomo wa rimu. Hapa ndipo wengi hukosea: wakikandamiza katikati ya ubavu, mpira hupinda na ukingo haujongei. Lori likianza kuinuka, legeza jeki, ongeza sabuni, sogea sentimita 15, rudia kuzunguka duara lote. Geuza upande wa pili ufanye vivyo hivyo.

Ukingo ukiachia, ukanyage uingie kwenye bonde la rimu (sehemu iliyozama kati ya midomo yake miwili) upande ulio mkabala na vali, kisha anza na mitaimbo kwenye vali, hatua fupifupi. Toa kupitia upande ambao bonde liko karibu zaidi na mdomo wa rimu. Ikihitajika nguvu kubwa, ujue ukingo umetoka bondeni.

Tairi lililokwisha na kugoma likatwe. Pitisha kisu kikali chenye maji ya sabuni ubavuni, kisha kata waya za ukingo kwa grenda ukiwa na ndoo ya maji karibu. Acha nyuzi za mwisho zimalizwe na patasi: rimu ya zamani ni ngumu kupatikana kuliko tairi, na mkwaruzo wa grenda huwa chanzo cha ufa.

Wakati wa kufunga tairi jipya, upepo wa kukalisha ukingo usizidi psi 35. Usipokaa, toa upepo, paka sabuni upya.