Paneli ya wati 300 kutoa 240 mchana wa Tanga, hujapigwa

Juzi tena. Saa saba mchana simu inaita, mzee mmoja wa Sahare niliyemfungia sola mwezi uliopita, namwamkia shikamoo, marahaba yenyewe kaitupa tu, "mwanangu umeniuzia paneli feki, imeandikwa 300, hapa kwenye kontrola nasoma 240, na jua lote hili!" Huyo ni wa nne tangu mfungo uishe kunisomea namba za kontrola, kile kiboksi cha kati ya paneli na betri kinachosimamia kuchaji.

Na jua lote hili. Haya jamani, paneli inakula mwanga, joto hailitaki kabisa. Hizo 300 zimepimwa kiwandani kwenye mwanga wa wati 1000 kwa mita moja ya mraba na paneli ikiwa nyuzi 25. Nyuzi 25 za paneli yenyewe, siyo za hewa, na hapa ndo watu wote wananipotea. Hewa ya Tanga mwezi wa pili mchana ni 32, 33 hivi, ila paneli iliyolala juu ya bati inapanda mpaka 60 na ushee, ukitaka kubisha kaweke kiganja (usiweke). Voltiji inashuka, ampia zinapanda kidogo sana, haziwezi kufidia. Soma karatasi ya vipimo ya paneli, kwa paneli nyingi utakuta asilimia 0.35 au 0.4 inapotea kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Sasa paneli ikifika 65 umezidisha nyuzi 40, mara 0.4, asilimia 16 imeshakwenda, 300 imebaki 252. Weka na vumbi, chumvi ya upepo wa bahari, waya mrefu mwembamba uliong'ang'ania kununua mwenyewe kwa sababu wangu "ghali", unafika 240. Nani kakupiga hapo?

Mnataka kuona namba kubwa? Subirini masika, mvua ikate ghafla na wingu lifunguke saa sita, paneli bado ya baridi. Hapo nimewahi kusoma 290 na kitu kwenye paneli hiyohiyo, na hakuna aliyenipigia kushukuru.

Halafu betri ikishajaa kontrola inabana yenyewe, utasoma 40 au 20, siyo ugonjwa. Ila ukiwa na paneli ya volti 36 kwenye betri ya 12 na kontrola ya PWM (aina inayoishusha paneli mpaka volti za betri), hapo kweli umepigwa, hata nusu hupati, nunua MPPT (aina inayogeuza volti za ziada kuwa ampia).

Dawa ya joto ni hewa. Mimi naacha nafasi ya kiganja kizima kati ya bati na paneli, upepo upite chini. Kwa nini kiganja? Sijawahi kulinganisha na nafasi ndogo au kubwa zaidi, ndo ninavyofunga tangu zamani na naona inasaidia. Mlalo nao, sisi tuko nyuzi 5 kusini ya ikweta, kwa jua peke yake paneli ingelala karibu flati iangalie kaskazini kidogo, lakini ikilala hivyo vumbi na mavi ya kunguru yanaganda, kwa hiyo natega 10 mpaka 15 mvua ioshe. Na kivuli cha kuti moja tu la mnazi kinaua umeme kuliko joto lote nililolisema, kata kuti.

Kuosha ni alfajiri. Huwa nawatisha watu kwamba maji ya baridi mchana yatapasua kioo, kusema kweli sijaona hata kimoja kilichopasuka, lakini siko tayari kujaribu kwenye paneli ya mteja. Maji yenyewe yasiende bure, weka mfereji chini ya bati yaingie kwenye pipa, jioni mpe mgomba, na shinani tandaza makumbi ya nazi yashike unyevu, utamwagilia mara chache zaidi. Ya kufulia yenye sabuni nyingi usiyapeleke kwenye mchicha.

Mzee wa Sahare nilienda, fundi aliyemalizia paa alikuwa kaiteremsha paneli ikagusana na bati, nikaiinua. Jana kapiga tena, safari hii marahaba ya nguvu: "Mwanangu, imefika 255. Sasa hizo 45 zilizobaki unaniletea lini?"