Yanayosemwa barazani juu ya Kocha, na yalivyokuwa

Tangu tulipomzika Kocha, baraza la mtaani kwetu Wete halina mazungumzo mengine. Kila baada ya alasiri anatajwa, na kila akitajwa anaongezewa bao. Juzi kijana wa miaka 19, ambaye kumuona akicheza hakuwahi, alikuwa akimweleza mwenzake kwamba marehemu alipiga shuti pale uwanja wa Gombani nyavu zikachanika. Nikanyamaza. Nyavu zetu za siku zile zilichanika hata na upepo.

Nimekuwa katibu wa klabu miaka 11 chini yake. Kabla ya hapo nilikuwa beki wake wa kulia, si mzuri sana, mwenyewe alikuwa akinambia. Sina ugomvi na watu wanaomsifu. Lakini mengine yanayosemwa yakiachwa, baada ya miaka mitano tutakuwa tunamrehemu mtu ambaye hatukumjua.

Kwamba alikuwamo kikosi cha Zanzibar cha 1995

Hakuwamo. Mwaka ule Zanzibar ilipoutwaa ubingwa wa Challenge, kombe la nchi za Afrika Mashariki na Kati, kule Uganda, kwa kuwafunga wenyeji bao 1-0 kwenye fainali, Kocha goti lilishamstaafisha zamani. Alikuwa uwanjani kwao ameanika karafuu, redio ameitundika kwenye tawi la mfenesi. Mvua ikatanda, mkewe akamwita waanue, akajibu "ngoja kidogo". Mpira ukaisha, karafuu zimeroa chapachapa. Gunia zima likaishia kuwa mpeta, karafuu iliyoharibika, na mpeta bei yake ya chini kila Mpemba anaijua. Hadithi hii mkewe alikuwa akiisimulia kila mwaka, hacheki.

Kwamba lile begi jeusi lilikuwa na dawa

Hii ndiyo kubwa, na imefika mpaka Unguja. Begi dogo jeusi, limefungwa kwa kamba ya kiatu mafundo matatu, linakaa chini ya benchi baina ya miguu yake, na hakuna mchezaji anayeruhusiwa kuligusa. Timu pinzani wakipita mbele ya benchi letu walikuwa wakitazama pembeni. Tukishinda, mitaani wanasema kamati ya ufundi imefanya kazi yake, na kwenye mpira wetu huu hakuna asiyejua maana ya pili ya neno hilo, uganga.

Begi hilo nimelifungua mara zisizohesabika. Mafundo yalikuwa matatu kwa sababu zipu ilikufa. Lilikatazwa kuguswa kwa sababu ndani mlikuwa na kadi za wachezaji, amezizungushia mfuko wa nailoni mara mbili, na bila kadi hakuna mechi. Vitu vingine vilikuwa hivi: sindano nene ya kushonea magunia, uzi aliouvuta kwenye nta, pampu, viraka vya baskeli, ndimu, mafuta ya nazi kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, na daftari la skuli lenye jalada la buluu. Kwenye daftari hilo aliandika kila kitu cha klabu alichomkabidhi mtu: soksi za nani, jezi namba ngapi, viatu vya nani alivyopewa nani. Kilichorudi alikipiga mstari. Kisichorudi alikiacha wazi, na kila msimu ukianza alianza kwa kuwasomea wenye deni, mbele ya watu.

Ile sindano ndiyo nataka watu waijue. Mpira wetu ulikuwa wa kushonwa, vipande 32, na kiwanja chetu kilikuwa na kokoto kuliko nyasi. Kila baada ya mechi mbili tatu uzi unaachia. Usiku baada ya isha ungemkuta barazani kwake, kandili pembeni, mpira ameubana kwa magoti. Anapitisha uzi upande huu, anaurudisha upande wa pili kwenye tundu lilelile, anavuta kwa meno mpaka ngozi inalia. Tundu la mwisho lilikuwa kazi, kwa sababu fundo halitakiwi kubaki nje. Alilisukuma ndani kwa kijiti, kisha analipapasa kwa kidole gumba akiwa amefumba macho. Akilihisi, anafumua na kuanza upya. Mpira mmoja tuliuchezea misimu miwili hivyo.

Dua alikuwa akiomba, hilo sikatai. Tunasimama duara, inasomwa Fatiha, tunaingia uwanjani. Kama hiyo ndiyo dawa, basi imamu wetu ni mganga mkuu.

Kwamba aliwakataa watu wa Dar kwa mapenzi ya Pemba

Hadithi hii ni tamu, na nadhani ndiyo maana haifi. Klabu kubwa ya Dar es Salaam inatuma mtu na bahasha, Kocha anasema siiachi timu yangu, mtu anarudi na bahasha yake.

Alikwenda. Alinisimulia mwenyewe, tumo kwenye meli ya usiku kutoka Mkoani, tunakwenda Unguja kucheza, nusu ya timu inatapika. Alikaa kule miezi minne. Hakutia saini karatasi yoyote. Walimwambia mambo yatakuwa mazuri, akaamini. Alilala chumba kimoja na wenzake watatu, akacheza mechi mbili za kirafiki, ya tatu goti likapinda. Wiki ya kwanza walikuja kumjulia hali. Wiki ya pili alikuja mmoja. Wiki ya tatu akaambiwa chumba kinahitajika.

"Kwenda nilikwenda mbio," alinambia, "kurudi nikarudi nachechemea."

Klabu hiyo siitaji, naye hakupenda itajwe. Hakuwa na kinyongo wala hakuona haya. Walioona haya ni sisi, tukamtungia hadithi nyingine.

Kwamba angelicheza Kombe la Dunia lau Zanzibar ingekuwa FIFA

Huu ni mchanganyiko wa mambo mawili, na barazani hakuna anayetaka kuutenganisha. Ni kweli Zanzibar si mwanachama wa FIFA. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ilitupokea kama mwanachama mshiriki 2004, Machi 2017 tukapewa uanachama kamili, wa 55, watu wakashangilia mpaka usiku, na Julai mwaka uleule tukavuliwa, kwa hoja kwamba haviwezi kuwapo vyama viwili vya nchi moja. Inauma. Desemba ile ile vijana wetu wakafika fainali ya Challenge kule Machakos, wakatoka 2-2 na Kenya, wakapoteza kwa penalti.

Lakini Mzanzibari anacheza Taifa Stars, timu ya Tanzania, na Tanzania imo FIFA. Nadir Haroub "Cannavaro" ametoka hapahapa visiwani akaivalia hadi kitambaa cha unahodha. Hemed Suleiman "Morocco", aliyeipeleka Zanzibar fainali ile ya Machakos, baadaye akawa kocha wa Stars yenyewe. Na klabu zetu kila mwaka zinaingia mashindano ya Afrika. Kilichomzuia Kocha wetu ni goti. Tusiwape FIFA lawama ambayo si yao, wanazo za kwao za kutosha.

Kwamba aliwachukia waliokimbilia vikosini

Wanaosema hivi ndio wale wanaosema vijana wa leo hawana mapenzi na mtaa wao. Kijana akionekana anajua mpira, anachukuliwa na timu za vikosi vya Serikali ya Zanzibar: KMKM, au JKU, au Mafunzo, Zimamoto, KVZ. Mtaani tunabaki tunalalamika.

Tujiulize klabu ya mtaa inampa nini. Nauli, na siku njema sahani ya biriani. Kule kwenye vikosi anapata ajira, mshahara unaingia mwisho wa mwezi hata akiwa na goti bovu. Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, ndiyo KMKM, hakimfukuzi askari wake chumbani wiki ya tatu. Na wala mpira wake haufi: Feisal Salum, huyu Fei Toto, alitokea JKU ndipo akenda Yanga.

Kocha aliwasindikiza mwenyewe. Nimemuona amepanda gari ya alfajiri na kijana, mkononi ameshika cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa watu kama kashika yai. Swali lake lilikuwa moja tu: "Karatasi iko wapi?" Akionyeshwa karatasi, anaisoma mpaka mwisho, anarudi kuisoma tena, ndipo anampa mkono.

Aliyemkasirikia alikuwa mmoja. Kiungo wetu, mtoto mzuri, aliondoka Alkhamisi bila kuaga, na Ijumaa tuna mechi. Watu wakasema Kocha hatamsamehe kwa kuisaliti timu. Mimi nilikuwapo, nilimsikia alivyofoka: "Kaondoka na jezi!" Tulikuwa na seti moja. Ijumaa ile aliyecheza nafasi yake alivaa fulana ya kijani iliyoandikwa namba kwa chaki, na mvua iliponyesha namba ikaondoka. Kwenye daftari la buluu mstari huo ulibaki wazi miaka saba. Kila msimu ukisomwa, wachezaji wapya wanauliza huyo ni nani.

Siku ya tatu ya msiba wa Kocha, baada ya hitima, watu wakila, kiungo yule alinivuta pembeni penye mlango wa uani. Amenenepa kidogo, ameomba ruhusa kazini, amekuja na boti ya asubuhi. Akanipa mfuko wa karatasi. Jezi namba 6, imefuliwa, imepigwa pasi, kola imeshonwa mahali ilipokuwa imechanika.

"Katibu," akasema, "hii ya Kocha."

Begi ninalo mimi sasa. Nilipofika nyumbani nikafungua mafundo matatu, nikatoa daftari, nikaupiga mstari.