Kabla ya Kumleta Nyoka Nyumbani: Uchaguzi na Kizimba

Maradhi mengi yanayompata nyoka wa kufugwa huanzia kwenye kizimba chake, ama kwa joto pungufu, ama kwa unyevu usiomfaa, ama kwa kukosa mahali pa kujificha. Ndiyo maana tunamshauri anayetaka kumfuga nyoka kwa mara ya kwanza aandae kizimba, awashe kifaa chake cha kupasha joto na apime joto la ndani kwa siku kadhaa kabla ya kumnunua mnyama mwenyewe.

Ushauri huu unawalenga zaidi wasomaji walioko Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako katika maeneo mengi nyoka asiye na sumu huruhusiwa kufugwa nyumbani, ingawa masharti hutofautiana hata kati ya jimbo na jimbo. Kwa wasomaji wa Kenya na Tanzania hali ni nyingine: nyoka wa porini ni mnyamapori mbele ya sheria, na kumkamata au kumfuga bila kibali ni kosa. Chatu aliyeonekana shambani aachwe alipo, na taarifa ipelekwe kwa maofisa wa wanyamapori.

Kwa anayeanza, ninampendekeza nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus, ambaye asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani. Hana sumu, ni mtulivu akizoeshwa, na mara nyingi akikomaa huwa na urefu wa sentimita 90 hadi 150. Wengi huvutiwa zaidi na chatu mfalme, Python regius, wa Afrika Magharibi na ya Kati, ambaye pia ni mpole. Lakini yeye huhitaji joto na unyevu zaidi, na anaweza kugoma kula kwa miezi, jambo linalomtia hofu mfugaji mgeni. Aidha, chatu wengi wa aina hii husafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin, wakiwemo waliotolewa porini, nao mara nyingi huja na kupe na minyoo. Muulize muuzaji bila kuona haya kama nyoka huyo alizaliwa kizimbani, kisha uombe kumwona akila. Mkague pia: macho yawe maangavu isipokuwa anapokaribia kujivua gamba, mdomo usitoe mapovu, na pumzi isiwe na mkoromo. Kumbuka kwamba nyoka wa mahindi anaweza kuishi miaka 15 hadi 20, na chatu mfalme hata zaidi.

Nyoka hutegemea joto la mazingira ili kusaga chakula na kupambana na maradhi, kwa hiyo kizimba chenye joto moja kila mahali humnyima uwezo wa kujirekebisha. Kwa nyoka wa mahindi, upande mmoja ufikie takriban nyuzi 30 za Selsiasi na ule mwingine ubaki kati ya 22 na 24, na kila upande uwe na maficho yanayombana kidogo, kwa sababu akiwa na maficho upande mmoja tu hulazimika kuchagua kati ya usalama na joto analolihitaji. Mkeka au taa ya joto lazima iunganishwe na themostati, yaani kifaa kinachodhibiti joto lisizidi kiwango; bila kifaa hicho, nyoka anaweza kuungua tumbo akiwa amelala palepale bila kuondoka. Mawe ya umeme ya kupasha joto tunayakataa kabisa. Kwa nyoka aliyekomaa, kizimba cha sentimita 120 kwa 60 kinatosha vizuri, na mlango ufungwe kwa komeo, kwani nyoka hupenya penye mwanya mdogo kuliko unavyodhani. Matandiko ya maranda ya mti wa mwerezi yaepukwe kwa kuwa mafuta yake hudhuru mapafu.

Baada ya kumleta, mwache wiki nzima bila kumshika. Chakula chake ni panya aliyegandishwa kisha akayeyushwa na kupashwa joto, mwenye unene usiozidi sana ule wa sehemu nene ya mwili wa nyoka; panya hai humng’ata nyoka asiye na njaa na kumwachia majeraha mabaya. Akishakula, asishikwe kwa siku mbili, la sivyo anaweza kutapika. Reptilia hubeba salmonela, bakteria wanaoweza kumwambukiza binadamu, hata wakiwa na afya njema, hivyo mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumgusa, maji yake yasimwagwe kwenye sinki la jikoni, na watoto walio chini ya miaka 5 wasimguse wala kugusa vyombo vyake.